Bibi Kuota Ndevu: Acheni Kumwambia "Uzee Huo"

Mwanamke wa miaka 65 akienda zahanati kulalamika kwamba kidevu kimeota nywele na sauti imekuwa nzito, maneno mawili yanatosha kumrudisha nyumbani: uzee huo. Yanasemwa Chamwino na Bahi, yanasemwa Manyoni na Kondoa. Anayasema tabibu aliyevaa koti jeupe, anayasema binti aliyemsindikiza, na mara nyingi bibi mwenyewe anayasema kabla hajaulizwa, kana kwamba anaomba radhi kwa kuja. Ni maneno ya upole. Hayamtukani mtu wala hayamtozi mtu shilingi. Makala hii inayapinga.

Lakini wanaoyasema wana hoja, na tuwasikilize kwanza. Mwanamke anapokoma hedhi, ovari zake hupunguza sana estrojeni, ila hazikatizi ghafla utengenezaji wa androjeni, yaani homoni za kundi la testosteroni. Kwa hiyo nywele chache ngumu kidevuni na juu ya mdomo ni jambo la mabibi wengi sana duniani, wala si ugonjwa. Kukimbilia kumpima kila bibi mwenye nywele tatu za kidevu kungekuwa wazimu. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba uvimbe wa ovari unaomwaga homoni za kiume ni adimu: katika kila uvimbe 100 wa ovari, haufiki hata mmoja. Tena nchi hii ina saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wetu, na ina malaria, shinikizo la damu na foleni isiyokwisha. Tabibu mmoja wa kijijini ahangaike na ndevu za nini?

Hiyo ndiyo hoja yenyewe, na nimeiweka vizuri kuliko wanavyoiweka wengi wanaoitumia. Kuna nyingine, isiyosemwa hospitalini ila inasemwa jioni watu wakishakaa: kwamba bibi mwenye ndevu ana lake jambo. Hiyo nitaifikia mwishoni, kwa sababu hizi mbili ni ndugu kuliko wanavyotaka tuamini walioenda shule.

Kwanza: uzee hauna haraka

Uzee una tabia zake. Huleta nywele tano kwa miaka kumi. Haumchukui mwanamke aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa wakati wa Pasaka, ukamfikisha besi kabla ya Krismasi. Haumletei chunusi za ujana akiwa na wajukuu. Haumwongezei misuli ya mabega katika umri ambao wenzake wanazidi kunywea. Wala haumwachi na upara wa mbele na wa utosini kama wa mzee wa baraza, huku ndevu zikizidi kushika.

Mambo hayo yakija pamoja, na yakija kwa miezi badala ya miaka, kuna kitu kinachotengeneza testosteroni kupita kiasi. Huenda ni uvimbe wa seli za Leydig ndani ya ovari. Huo hupendelea hasa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, mara nyingi ni mdogo, chini ya sentimita 3, na karibu kila mara si saratani. Huenda ni uvimbe wa seli za steroidi, ambao karibu theluthi yake ni saratani. Huenda hakuna uvimbe kabisa, bali tishu ya ovari imenenepa pande zote mbili na kufanya kazi isiyoagizwa. Hali hiyo madaktari huiita haipathekosisi, na katika umri huu hutokea zaidi kuliko uvimbe. Au kitu kiko kwenye tezi ya adrenali, juu ya figo, ambako uvimbe wake waweza kuwa mbaya kuliko yote niliyotaja.

Mambo manne tofauti, yenye hatima tofauti na tiba tofauti, sisi tumeyapa jina moja. Na anayelitoa jina hilo hulitoa bila kuuliza swali pekee ambalo lingetenganisha uzee na maradhi: lini ilianza?

Kinachochekesha ni kwamba miaka karibu 2,400 iliyopita, katika maandishi ya kitabibu ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates, aliandikwa mwanamke wa mji wa Abdera aliyeitwa Phaethousa. Hedhi ilikoma, mwili ukaota nywele, akatoka ndevu, sauti ikakwaruza, na muda mfupi baadaye akafariki. Waganga wale hawakuwa na darubini, hawakujua homoni ni nini, na maelezo yao ya chanzo yalikuwa ya kubahatisha. Lakini waliandika kwamba ni ugonjwa na walijaribu kumtibu. Hawakumwambia arudi nyumbani.

Pili: "haidhuru, ni aibu tu"

Wengine husema hata kama ni homoni, madhara yake ni sura. Bibi hatafuti mchumba. Ndevu zimkoseshe nini?

Testosteroni haikai kidevuni. Inachochea uboho utengeneze chembe nyekundu za damu kupita kiasi, damu inakuwa nzito, na damu nzito huganda mahali isipotakiwa. Inaendana na mwili kukaidi insulini, na nyuma ya hapo kuna kisukari na shinikizo. Sehemu ya androjeni hugeuzwa kuwa estrojeni mwilini, na estrojeni isiyo na mpinzani huchokoza ukuta wa mji wa mimba, kiasi kwamba mwanamke aliyesahau hedhi miaka 15 iliyopita anaweza kuanza kutoka damu. Nayo damu hiyo, nadhani unajua wataiitaje.

Hapa kuna kejeli ndogo ya Uwanda wa Kati. Katika zahanati zetu kupima wingi wa damu ni kazi ya dakika chache. Tumezoea wanawake wenye upungufu, basi bibi akikutwa na kiwango cha mwanamume mwenye afya ni rahisi kumpongeza: bibi, damu yako safi, unakula vizuri! Kumbe pongezi hiyo ndiyo dalili ya bei rahisi kuliko zote, na tumeigeuza kuwa cheti cha uzima.

Tatu: dalili ambayo wembe uliiondoa

Tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya tiba haviliandiki, kwa sababu waandishi wake hawakuwa wakiwafikiria wanawake wa Ugogo na Unyaturu.

Kitabu chochote cha magonjwa ya wanawake kitakwambia kwamba alama mojawapo iliyo wazi ya testosteroni iliyozidi mno ni kukua kwa kinembe. Tabibu anafundishwa aitafute, na asipoiona, moyo unatulia. Sasa mlete tabibu huyo Dodoma. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015 na 2016 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 kama walikeketwa. Kitaifa ilikuwa asilimia 10. Manyara ilikuwa 58, Dodoma 47, Singida 31. Hao ni wa umri wa kuzaa. Mabibi hawakuhesabiwa, lakini mwelekeo wa umri ulionekana: nchini kote, wenye miaka 45 hadi 49 walikuwa karibu mmoja kati ya watano, na wasichana wa miaka 15 hadi 19 karibu mmoja kati ya 20. Panda umri, idadi inapanda. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliyofanya ukeketaji wa wasichana kuwa jinai ni ya 1998. Bibi wa leo alikuwa na watoto wakubwa ilipopitishwa.

Maana yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuimeza. Kwa wanawake wengi wa umri huu katika ukanda huu, alama ambayo kitabu kinaitegemea haipo, kwa sababu kiungo chenyewe kiliondolewa wakiwa watoto. Tabibu anayefuata orodha ya kitabu ataandika "hakuna", naye atakuwa amesema ukweli, na ukweli huo utampoteza. Ubaya wa kwanza unaficha ubaya wa pili, miaka 50 baadaye.

Na hapo nimemkirimu kwa kudhani kwamba ameangalia. Kijana wa miaka 26 aliyepangiwa kituo cha afya, mbele ya mwanamke wa umri wa nyanya yake, hawezi hata kumwomba avue kilemba. Heshima inamzuia. Basi upara unabaki chini ya kilemba, ndevu zimenyolewa alfajiri kabla ya safari, sauti nzito inasingiziwa moshi wa jiko na vumbi la kiangazi, na faili linaandikwa maumivu ya viungo. Tunapenda kuwatupia wagonjwa methali ya mficha maradhi. Huyu hakuficha. Alitembea kilomita kadhaa kuja kuyaonyesha, na heshima yetu ndiyo iliyoyafunika.

Nne: "ultrasaundi haikuonyesha kitu"

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kosa lenyewe ni fupi. Bibi aliyebahatika kupata tabibu mdadisi huelekezwa kwenye ultrasaundi, picha inarudi safi, shauri limekwisha.

Uvimbe wa seli za Leydig unaweza kuwa mdogo kama punje ya harage, na rangi yake kwenye picha hiyo hufanana na ovari iliyouzunguka. Ultrasaundi kutouona hakuthibitishi kwamba haupo. Kinachousema ni damu: kiwango cha testosteroni, pamoja na homoni ya adrenali iitwayo DHEAS inayosaidia kujua kama mkosaji yuko juu ya figo au chini kwenye nyonga. Picha ije baada ya damu, kutafuta kitu ambacho damu imekwisha kusema kipo. Sisi tunaanza na picha kwa sababu mashine ipo, tena tunamaliza na picha kwa sababu hiyo hiyo.

Tano: "ni adimu, na ni ghali"

Adimu, ndiyo. Ila hoja ya uadimu ina tundu. Hakuna anayeomba mabibi wote wa Dodoma wapimwe homoni. Kinachoombwa ni swali moja la muda na kusikiliza sauti. Swali halina gharama. Wachache watakaobaki baada ya swali hilo ndio wa kutolewa damu, na damu inasafiri. Nchi hii imekwisha jifunza kusafirisha makohozi ya kifua kikuu na sampuli za wingi wa virusi vya UKIMWI kutoka vijijini hadi maabara kubwa. Atakayesema chupa moja ya damu ya bibi haiwezi kupanda pikipiki hiyo hiyo atueleze inakosa nini.

Zamani Dodoma ingeweza kujitetea kwa umbali. Sasa ni makao makuu ya nchi, ina Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, na kando yake Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoanza kutoa huduma 2015, yenye CT na MRI. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mzee asiye na uwezo atibiwe bure, na karibu kila hospitali ya serikali ina dirisha lake la wazee. Tumempa bibi dirisha la peke yake. Anafika mbele ya wote, na mbele ya wote anaambiwa uzee huo.

Halafu kuna hili la wanariadha, ambalo sijawahi kusikia mtu akiliunganisha na mabibi zetu. Mwanamke aliyekoma hedhi kwa kawaida ana testosteroni chini ya nanomoli 2 kwa lita. Ikifika 5 na kupita, madaktari wengi huanza kuwinda uvimbe. Namba hiyo ya 5 mashabiki wa michezo wanaijua: ndiyo mpaka ambao shirikisho la riadha la dunia liliutangaza 2018 kwa wanawake waliozaliwa na tofauti za ukuaji wa kijinsia, kabla ya kuushusha hadi 2.5 mwaka 2023. Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, walioshika nafasi ya pili na ya tatu mita 800 kule Rio 2016, walifungiwa mlango wa mbio hizo kwa sababu ya kanuni hiyo. Wao hawakuwa na uvimbe. Hiyo ndiyo miili waliyozaliwa nayo. Afrika Mashariki nzima ilijadili testosteroni yao redioni na vijiweni, kila mtu akawa mtaalamu wa homoni.

Kwa hiyo kipimo kinajulikana, jina lake linajulikana, hata mpaka wake unajulikana. Fedha na maarifa ya kumpima msichana mzima ili azuiwe kukimbia zilipatikana. Za kumpima bibi mgonjwa ili aishi ndizo zinazoitwa anasa.

Tiba nayo isiwatishe watu. Kwa mwanamke asiyetarajia kuzaa tena, kuondoa ovari ni upasuaji ambao madaktari bingwa wa wanawake wanaufanya kila siku kwa sababu nyingine. Ikiwa chanzo kilikuwa humo, testosteroni hushuka ndani ya siku chache, nywele hupungua kwa miezi. Sauti mara nyingi hairudi, kwa kuwa nyuzi zake zimekwisha nenepa. Kila mwezi wa "uzee huo" unalipiwa kwa sauti ya mtu.

Sita: ndugu wa pili wa hoja hii

Sasa ile ya jioni. Walioenda shule watakwambia imani ya uchawi ni ya wanakijiji, wao hawahusiki. Wanahusika. Hospitali ikimrudisha mwanamke ambaye uso umebadilika na kusema hana ugonjwa, kijiji kitauliza: kama si ugonjwa, ni nini? Swali hilo halikai wazi muda mrefu. Zahanati imekataa kulijibu, mwingine analijibu.

Wanaodhani natia chumvi wakumbuke macho mekundu. Hesabu za serikali za kati ya 1970 na 1984 zilikuta watu zaidi ya 3,600 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwazidi wanaume kwa mbali, na sehemu kubwa ilikuwa Usukumani. Alama iliyotajwa tena na tena kwa vikongwe ilikuwa macho mekundu, macho ambayo miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi ilikuwa imeyachoma. Badiliko la mwili lililokuwa na sababu ya wazi lilisomwa kama hati ya mashtaka. Sidai kwamba ndevu zimeua kwa kiwango hicho. Nadai kwamba njia ni ile ile, na kwamba kidevu kinaonekana kwa urahisi kama jicho.

Uwanda wa Kati wenyewe una ushahidi wa njia nyingine. Kongwa, ambayo historia inaikumbuka kwa karanga za Waingereza zilizoshindikana baada ya vita kuu ya pili, katika tiba inajulikana kwa ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Hapo pia wanawake wazee walikuwa na macho mekundu na kope zilizogeukia ndani, wakizing'oa moja moja kwa kibanio. Watafiti hawakusema uzee. Waliuliza kwa nini wanawake kuliko wanaume, wakakuta ni kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo walioambukizwa. Utafiti wa kuosha nyuso za watoto wa Kongwa ulichapishwa 1995, ukaingia katika mkakati unaotumika duniani pamoja na dawa na upasuaji wa kope. Wilaya kame isiyo na maji ya kutosha iliufundisha ulimwengu kuhusu jicho la bibi. Kidevu chake kiko sentimita chache chini ya jicho hilo, kwenye uso ule ule.

Na atakayesingizia mila, kwamba kwa Wagogo mwanamke anayefanana na mwanamume ni mkosi, amsome mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliandika jinsi wanawake wa Kigogo, balaa lilipowaingilia watu au mifugo, walivyovaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao na kuchunga ng'ombe, ili kuifukuza balaa hiyo. Kwa wazee wale mwanamke mwenye sura ya mwanamume alikuwa sehemu ya dawa. Hofu hii tunayoiita mila ni changa kuliko tunavyojidai, na kuigeuza kisingizio cha kutompima mtu ni uvivu uliovaa kaniki.

Nini basi kifanyike kesho asubuhi? Tabibu, uliza ilianza lini. Muulize kama simu yake hupokewa na watu wanaomwita baba. Kama muuguzi wa kike yupo, mwite; kilemba kitavuliwa bila fedheha. Usitegemee alama ambayo wembe uliiondoa. Pima wingi wa damu, na ukiukuta wa juu, usimpongeze. Ikiwa mambo yamekuja kwa miezi, mpe rufaa hata kama ultrasaundi ni safi. Na wewe binti unayemsindikiza mama yako, ukiambiwa uzee huo, usinyanyuke kwenye kiti. Omba fomu ya rufaa, na hakikisha neno testosteroni limeandikwa humo kabla hamjatoka.